Mzungu akipanda baiskeli ni msomi, wetu ni mwehu

KIGODA CHA KHAYESI
Na Zipporah Khayesi

Nimekasirika. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba nikikasirika nafua mapazia, na wiki hii nyumba yangu haina pazia hata moja dirishani. Aliyenifikisha hapo ni Mzee wa Kipaza Sauti, yule mzee wa ukoo wetu asiyekosa la kuhutubia. Nani mwingine?

Jumanne walifika kwetu, huku upande wa Khayega, Waholanzi wawili, mtu na mkewe, juu ya baiskeli zilizosheheni mizigo mbele na nyuma hadi ukajiuliza zinakata kona vipi. Mwanamke ni mhasibu, mumewe huchora ramani za mabomba ya maji. Wote wawili wameomba ruhusa kazini ya mwaka mzima, bila mshahara, wazunguke Afrika Mashariki wakijifunza jinsi watu wanavyolima. Shamba hawana. Wanasema wakirudi huenda wakanunua, huenda wasinunue.

Kijiji kikapagawa. Naibu wa chifu akaja amevaa koti la Madaraka Dei. Jogoo wawili wakaenda kisuni (jogoo wangu aitwaye Waziri Mkuu, kwa wanaouliza, alikuwa keshapanda mparachichi na hakushuka hadi magharibi). Kisha Mzee wa Kipaza Sauti, ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kuzungumza, akasimama akakohoa. Akasema tuwatazame vizuri watu wenye akili: mtu ana kazi nzuri, ana mshahara, lakini anaviweka kando aende kutafuta maarifa kwa nguvu za magoti yake mwenyewe. Vijana wetu waige! Makofi yakapigwa. Mimi nikageuka kumtafuta kijana mmoja, nikamwona kule nyuma amechutama, anajaza upepo gurudumu la mgeni.

Kijana huyo nitamwita Karani, kwa sababu ndiyo kazi yake, katika ofisi moja ya serikali ambayo siitaji maana bado nina faili huko. Ni mtoto wa ndugu yangu. Mwaka jana aliomba likizo bila malipo, miezi michache tu, apande baiskeli hadi Uganda akatazame wenzetu wanavyolima ndizi na kahawa. Alikuwa na shamba la babake lililokuwa likimfia mikononi na hakutaka kubahatisha tena. "Senje," yaani shangazi, aliniambia, "mkubwa wangu aliniuliza kama nina ugonjwa au nina skolashipu." Hakuwa na kimojawapo, basi barua ikakaa mezani hadi alipomaliza siku zake zote za likizo ya kawaida akaondoka nazo hizo hizo.

Alikwenda. Mumias, Busia, Iganga, Jinja, akapita kando ya Kampala hadi Masaka. Hakuhitaji hata pasipoti. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinamtosha Mkenya kuingia Uganda na Rwanda. Huku nyuma tukafanya kazi yetu. Wapo waliosema amekimbia mkopo wa sako. Wapo waliosema mkewe amemlisha kitu. Akina mama wa kanisa walifunga na kuomba. Na Mzee wa Kipaza Sauti akaitisha kikao cha ukoo, akatamka kwa sauti hiyo hiyo ya Jumanne kwamba mtu mzima mwenye kazi ya serikali hawezi kukanyaga baiskeli hadi Uganda kutazama migomba isipokuwa kichwa kimeguswa. Mimi nilikuwepo. Nilikunywa chai ya kikao.

Ugonjwa wetu ni kudharau baiskeli, na hasa kumdharau mtu wetu akiwa juu yake. Ajabu ni kwamba ni sisi watu wa magharibi mwa Kenya tulioipa dunia boda boda. Ilianzia hapo Busia katika miaka ya sitini, vijana wakivusha watu na mizigo mpakani kwenye kiti cha nyuma. Baiskeli ya Blackmamba ndiyo iliyosomesha nusu ya hao wanaoendesha magari makubwa mjini Kakamega leo. Kisha serikali ikaondoa kodi ya pikipiki ndogo, yapata miaka 15 na ushei iliyopita, na tangu siku hiyo mwanamume akionekana kwenye baiskeli watu humpa pole.

Tungekuwa tunadharau safari zote, ningenyamaza. Lakini tazama tunazoziheshimu. Wawakilishi wa wadi, karibu katika kila kaunti ya nchi hii, wakitaka kujifunza jambo, hupanda ndege. Dubai, Singapore, Arusha kwa wale wanyenyekevu. Benchimaki! Kila mwaka ripoti za Msimamizi wa Bajeti huonyesha mamilioni yaliyoteketea kwa safari, na sijasikia kikao cha ukoo kikiitishwa kwa sababu hiyo. Novemba 2023 Wizara ya Leba ilitangaza nafasi 1,500 za vibarua wa mashambani Israel, vita vikiwa havijamaliza hata miezi miwili. Vijana wakakimbilia kutafuta vyeti na pasipoti, na wazazi wakatoa shukrani kanisani. Kwa hiyo kwenda kulima shamba la mtu chini ya makombora ni baraka, ila kwenda kutazama shamba la jirani kwa baiskeli yako ni wazimu.

Na jirani mwenyewe tunamhitaji kuliko tunavyokubali. Ingia soko la Kakamega asubuhi uulize: vitunguu hivi vya wapi? Tanzania. Mayai? Uganda. Ndizi za kupika? Usiulize tena, utaaibika. Kiwanda cha Mumias, fahari yetu tangu miaka ya sabini, kilipotuangukia hadi kikawekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, nani aliyekabidhiwa akifufue? Kampuni ya Sarrai kutoka Uganda, mwishoni mwa 2021, kwa mkataba wa kukodi wa miaka 20. Sisi hatukwenda kutazama Waganda wanavyofanya miwa, basi wao wakaja kutuonyesha nyumbani kwetu. Tukawapeleka mahakamani.

Nirudi Jumanne, maana sijafika penyewe.

Baada ya chakula mwanamke wa Kiholanzi alitaka kuona shamba. Akapelekwa kwa Karani kwa sababu ndilo la karibu, si kwa heshima. Karani akatoa daftari lake la safari, limefungwa katika mfuko wa nailoni ambao kwetu ni kosa la jinai tangu 2017 (mimi si NEMA, mamlaka ya mazingira, endeleeni). Akaanza kueleza, kwa Kiingereza kilichonyooka, mambo aliyoyaona Masaka. Kwamba kila shina la mgomba huachiwa vizazi vitatu tu, mama, binti na mjukuu, na machipukizi mengine yote hung'olewa. Kwamba kahawa hupandwa katikati ya migomba ikajificha humo jua lisiiunguze. Kwamba lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu halikatwi kwa panga. Linavunjwa kwa kijiti chenye panda. Nyuki hutua kwenye ua hilo wakiwa wamebeba ugonjwa wa mnyauko, na panga likitoka mgomba mmoja kwenda mwingine linaumaliza mtaa mzima. Kama ni lazima utumie panga, lipitishe motoni kwanza. Uganda iliingiliwa na mnyauko huo mwaka wa 2001 ikajifunza kwa uchungu. Nasi tunao, yale majani ya njano tunayosema ni mkono wa jirani.

Mgeni akaandika kila neno. Kisha, kwa adabu zake, akawageukia wazee akarudia somo kwa Kiswahili cha kuungaunga: mama, binti, mjukuu, ua, kijiti, si panga.

Mzee wa Kipaza Sauti akashika kiuno. "Mnasikia? Mnasikia mzungu anavyojua mambo ya ndizi?"

Hapo ndipo nilipoondoka kwenda kufua mapazia.

Wageni sina ugomvi nao. Wamelala kwangu na wameosha sahani zao wenyewe, jambo ambalo shemeji yangu hajawahi kulifanya. Asubuhi ya Jumatano walielekea Mbita, kwenye kituo cha utafiti cha icipe kando ya Ziwa Victoria, kutazama mahindi yanayopandwa pamoja na desmodiamu na nyasi za nepia. Kwa harufu yake desmodiamu inawafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, na inaua gugu la kayongo ardhini. Nepia pembeni inawavuta hao nondo watagie huko. Ng'ombe naye anapata chakula. Utafiti huo uliiva huko huko Mbita katika miaka ya tisini, wataalamu wa icipe wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted kule Uingereza. Watu wawili wametoka Uholanzi kwa baiskeli kwenda kuutazama. Sisi tunaoamka nao kaunti chache tu upande wa kusini, na kayongo limejaa mashambani mwetu kama maua ya harusi, tunangoja semina yenye posho na soda mbili.

Karani aliwasindikiza hadi barabara kuu. Alitamani kuendelea nao, niliona, lakini saa mbili alitakiwa awe ofisini kugonga mihuri.

Ameandika ombi jingine. Likizo bila malipo, Mbita kwanza, kisha anataka kuvuka tena hadi Rwanda. Barua iko mezani pale pale ilipokaa ile ya kwanza. Sasa najua mkubwa wake huisoma safu hii, kwa sababu huniletea malalamiko kila nikigusa wafanyakazi wa serikali. Mzee, ugonjwa hana na skolashipu hana. Ana baiskeli. Tia sahihi.