Seva ya Pili na Watu wa Zamu



Tarehe 3 Aprili 2022 treni za NS, shirika kubwa la reli la Uholanzi, zilisimama nchi nzima. Njia ilikuwa nzima, injini nzima, madereva wapo. Kilichoharibika ni mtambo wa kompyuta upangao treni ipi iende wapi na nani aiendeshe, na mtambo wa akiba nao ukaguswa na hitilafu ile ile.

Sisi watu wa reli twalielewa jambo hili. Injini ya akiba isiyowashwa tangu mwaka jana si injini, ni chuma. Seva ya pili ikiwekwa chumba kimoja na ya kwanza, tena kwa umeme wa waya ule ule, zitakufa pamoja. Ikae mbali, ipelekewe nakala za kazi kila wakati, na mara kwa mara ya kwanza izimwe makusudi tuone kama ya pili itashika kazi. (Wakubwa hawaipendi siku hiyo.)

Lakini nani atapima, nani atarekebisha saa nane za usiku? Twapinga kununua seva mbili kisha kupunguza mafundi wa zamu. Na kila stesheni iwe na vitabu vya karatasi, vijana wafundishwe kuvitumia. Neno hili twataka liandikwe katika mapatano yajayo na waajiri.