Kuuliza si Ujinga: Tarakilishi Inapoulizwa kwa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii, ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili waliikariri tangu shule ya msingi, humtetea muulizaji. Haisemi lolote kuhusu anayeulizwa, kwa kuwa inachukulia kwamba huyo amelielewa swali. Lakini siku hizi anayeulizwa si lazima awe mzee wa kijiji au mwalimu darasani. Aghalabu ni mashine. Mashine ikilielewa swali kinyume, jibu litatolewa kwa ufasaha uleule na kwa kasi ileile, na muulizaji hatakuwa na njia nyepesi ya kujua kwamba amepotoshwa.

Chukuliwe mfano wa hospitali kubwa ya kaunti. Nyuma ya dirisha la dawa, maabara, wodi na ofisi ya malipo kuna seva, ruta, kebo, programu na leseni kadha wa kadha. Taasisi ya aina hii, iwapo ina mpango mzuri, huweka daftari la kielektroniki linaloorodhesha kila kifaa na kila programu, mahali kilipo, anayekisimamia na toleo lake. Muhimu kuliko hayo yote, daftari hilo huonyesha kitu kipi kinategemea kipi. Wataalamu huliita hifadhidata ya usanidi, na wazo lake lilienea kupitia miongozo ya usimamizi wa huduma za teknolojia ya habari iliyoanza kutolewa na wakala wa serikali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980. Thamani ya daftari hili haimo katika wingi wa vifaa vilivyoorodheshwa bali katika uhusiano uliopo baina yavyo. Kabla fundi hajaizima seva ili aitengeneze, sharti ajue ni akina nani watakaokosa huduma.

Kwa muda mrefu, aliyetaka kuuliza daftari kama hili alilazimika kujua lugha maalumu ya maulizo. Mwaka wa 1970, Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza kwamba data ipangwe katika majedwali yenye uhusiano. Mwaka wa 1974, wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce walichapisha lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo ndiyo chimbuko la SQL inayotumika hadi leo. Amri za lugha hiyo ni maneno ya Kiingereza, ila si Kiingereza cha mazungumzo. Asiyejifunza kanuni zake hawezi kuitumia.

Hata hivyo, hamu ya kuiuliza mashine kwa lugha asilia ni kongwe kuliko SQL. Mwaka wa 1961, watafiti wa Lincoln Laboratory, Marekani, walieleza programu iliyojibu maswali ya Kiingereza kuhusu michezo ya besiboli ya msimu mmoja. Muongo mmoja baadaye, mwaka wa 1971, William Woods na wenzake walionyesha katika mkutano wa wanasayansi mjini Houston programu iliyoitwa LUNAR. Wanajiolojia waliiandikia maswali ya kawaida kuhusu mawe yaliyoletwa kutoka mwezini na chombo cha Apollo 11, nayo ikajibu sahihi takriban asilimia 78 ya maswali hayo. Leo matumaini hayo yameingia maofisini. Baadhi ya hifadhidata za usanidi zina kisanduku ambamo mtu huandika sentensi tu, na mashine huigeuza sentensi hiyo kuwa amri.

Je, mambo haya yanawahusu vipi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili? Wengi watasema hiyo ni kazi ya wahandisi, na kwamba mwanaisimu hana lake pale. Kauli hiyo ni kosa, tena kosa la hatari. Pindi mashine inapoulizwa kwa lugha ya binadamu, tatizo linalobaki ni la sarufi. Sarufi ya Kiswahili nayo ina mambo ambayo aliyezoea Kiingereza peke yake hawezi kuyakisia.

Jambo la kwanza ni unyambuaji wa vitenzi. Fundi wa hospitali iliyotajwa anaweza kuuliza: "Ni programu zipi zinazotegemea seva hii?" Anaweza pia kuuliza: "Ni programu zipi zinazotegemewa na seva hii?" Swali la kwanza linataka orodha ya programu zitakazokwama seva ikizimwa. La pili linataka orodha ya programu ambazo seva yenyewe haiwezi kufanya kazi bila ya hizo. Maana zimepishana kama mashariki na magharibi, ilhali tofauti kuu ya vitenzi ni mofimu moja ya kauli ya kutendwa, sauti /w/. Sasa, mbinu kongwe ya kutafuta habari kwa tarakilishi, iliyopata umaarufu kwa kanuni alizozichapisha Martin Porter mwaka wa 1980, ni kukata viambishi tamati na kubakiza shina. Kanuni hizo zilitungiwa Kiingereza, lugha ambayo huonyesha mtenda na mtendwa kwa mpangilio wa maneno na kwa vihusishi. Atakayeukata mwisho wa "zinategemea", "zinategemewa" na "zinategemeana" ili abakize "tegeme" atakuwa ametupa jambo lenyewe lililoulizwa. Fundi ataletewa orodha isiyo na programu ya rekodi za wagonjwa, atahitimisha kwamba hakuna atakayedhurika, naye ataizima seva. Muuguzi aliye wodini usiku huo ndiye atakayegundua kwamba /w/ ilikuwa na uzito wake.

Jambo la pili ni ukanushaji. Katika Kiingereza, neno la kukanusha mara nyingi husimama peke yake na huonekana kwa urahisi. Katika Kiswahili kikanushi hujificha ndani ya kitenzi: "seva zinazolindwa" na "seva zisizolindwa" hutofautiana kwa silabi moja iliyo katikati ya neno. Isitoshe, kuna utata ambao hata wazungumzaji wenyewe huupita bila kuutambua. Sentensi "Seva zote hazijawekewa nakala" yaweza kumaanisha kwamba hakuna hata moja iliyowekewa nakala, au kwamba baadhi tu ndizo zilizowekewa. Katika mazungumzo, kiimbo na muktadha huondoa shaka. Kwenye kisanduku cha kuandikia hakuna kiimbo.

Jambo la tatu ni ngeli, na hapa Kiswahili kina neema ambayo haijathaminiwa ipasavyo. Mtu akisema "vifaa vya seva vilivyoharibika", upatanisho wa kisarufi unaonyesha wazi kwamba vilivyoharibika ni vifaa. Akisema "vifaa vya seva zilizoharibika", seva ndizo zenye hitilafu. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo. Msikilizaji huachiwa akisie kirejeshi kinarejelea nomino ipi. Lakini neema hii hupotea pale nomino zote mbili zinapokuwa katika ngeli moja. "Programu za seva zilizoharibika" ni kauli tata, kwa kuwa programu na seva zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Humo ndimo yalimomiminwa maneno mengi ya mkopo ya taaluma hii: kompyuta, printa, ruta, kebo, leseni. Kama seva ingeitwa mtambo, "programu za mitambo iliyoharibika" ingetofautiana mara moja na "programu za mitambo zilizoharibika". Hii si hoja ya kulifukuza neno seva, ambalo limekwisha kuzoeleka. Ni hoja ya kuwakumbusha waundaji wa istilahi kwamba anayechagua neno huchagua pia ngeli, na ngeli hiyo inaweza kuamua kama swali litaeleweka. Mijadala ya istilahi katika vyuo vikuu imetumia nguvu nyingi kubishania tarakilishi, ngamizi na kompyuta kwa mizani ya asili ya neno na ladha yake. Mizani hii ya tatu imesahauliwa.

Jambo la nne ni saa. Mswahili huhesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua na za usiku tangu kuchwa kwake. "Onyesha mitambo iliyozimika leo kabla ya saa mbili asubuhi" ni ombi la kutafuta yaliyotokea kabla ya kile ambacho daftari limekiandika kuwa 8:00. Mashine iliyofunzwa kutafsiri neno kwa neno itaishia 2:00, na matukio ya saa sita nzima yatakosekana katika jibu. Vivyo hivyo, "usiku wa kuamkia Ijumaa" huanza siku ya Alhamisi. Mashine isiyojua hivyo itatafuta usiku mwingine kabisa, na pengine ikajibu kwa utulivu kwamba hakuna hitilafu iliyotokea.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba wataalamu wa tarakilishi nchini Kenya husomeshwa kwa Kiingereza na hufanya kazi kwa Kiingereza, hivyo basi hakuna atakayeuliza kwa Kiswahili. Hoja hii ina ukweli kiasi, lakini inasahau sababu ya kubuniwa kwa kisanduku hicho. Kilibuniwa kwa ajili ya asiyejua lugha ya maulizo: karani wa bohari, muuguzi wa zamu, msimamizi wa wodi. Kumwondolea huyo kikwazo cha SQL na kumwekea kikwazo cha Kiingereza ni kubadilisha kufuli bila kufungua mlango. Zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili. Urasmi unaoishia kwenye hotuba na mabango, usifike kwenye mitambo inayoendesha huduma za umma, ni urasmi wa jina. Ni kweli pia kwamba maswali mengi yatakuja yakiwa yamechanganywa na Kiingereza na Sheng. Hiyo ni sababu ya kuyachunguza maswali hayo jinsi yalivyo, wala si kisingizio cha kuyapuuza.

Wengine watadai kwamba programu kubwa za lugha za siku hizi zimekwisha kukijua Kiswahili, kwa hiyo wanaisimu wamechelewa. Ama kwa hakika programu hizo huzungumza Kiswahili laini. Lakini ulaini wa maneno si ithibati ya uelewa. Anayetaka kujua kama mashine hutofautisha "kutegemea" na "kutegemewa" katika maswali elfu moja anahitaji maswali hayo elfu moja, pamoja na majibu yaliyohakikiwa na watu wanaoijua lugha. Kwa upande wa Kiingereza, kazi ya namna hiyo ilifanyika hadharani. Mwaka wa 2018 ulitolewa mkusanyiko uitwao Spider, wenye maswali 10,181 juu ya hifadhidata 200, kila swali likiwa limeambatanishwa na amri sahihi ya SQL. Walioyaandaa maswali hayo walikuwa wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Yale. Baadaye yalitolewa matoleo ya Kichina, mwaka wa 2019, na ya Kivietinamu, mwaka wa 2020.

Wanafunzi 11! Idadi hiyo haijazi hata meza mbili za maktaba. Wala haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili hakina msingi wa kuanzia. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka wa 1992 maelezo ya namna mofolojia ya Kiswahili inavyoweza kuchanganuliwa kwa tarakilishi, akionyesha kwamba neno lenye viambishi vingi laweza kupasuliwa mofimu kwa mofimu bila kupoteza maana. Kazi hiyo ilifanyika Ufini, mbali na waliolelewa kwa lugha hii. Shukrani anastahili, lakini mgeni hawezi kuachiwa shamba lote alime peke yake.

Kuna mambo mawili yanayoweza kutendwa bila kungoja mfadhili. Kwanza, idara za Kiswahili zishirikiane na idara za sayansi ya tarakilishi kukusanya maswali halisi ambayo wahudumu wa mitambo na watumiaji wake huuliza, kwa maneno yao wenyewe, kisha yaainishwe kwa kauli, ukanushaji, ngeli na wakati. Hiyo ni tasnifu ya uzamili iliyo kamili, yenye manufaa kuliko kurudia kwa mara nyingine uchambuzi wa maudhui katika riwaya ileile. Pili, wanaisimu wadai kwamba mashine yoyote inayoulizwa kwa Kiswahili ilirudie swali kwa maneno mengine kabla ya kulijibu: "Je, unauliza ni programu zipi zitakazokosa huduma seva hii ikizimwa?" Huo ni uungwana wa kawaida wa mazungumzo. Mtu mzima anayetumwa jambo zito hurudia alichoambiwa kabla ya kuondoka, na hapana anayemwona mjinga kwa kufanya hivyo.

Kuuliza si ujinga, na methali hiyo haitachakaa. Lakini kuujenga mji mzima juu ya majibu ya mashine ambayo hakuna aliyewahi kuipima kwa sarufi ya waulizaji ni ujinga usio na utetezi. Wanaoijua sarufi hiyo wamo madarasani sasa hivi, wakiainisha mofimu ubaoni. Kazi iliyobaki ni kuivusha mofimu kutoka ubaoni hadi mahali ambapo maisha ya mgonjwa huenda yakaitegemea.