Mwanafunzi wa Simuni Naye Ana Mdomo



Wengi wetu hapa Eldoret tumejiandikisha katika masomo ya chuo yaletwayo kwa intaneti. Mtu atoka zamu saa kumi na mbili jioni, anunua bando, aketi kitandani na simu yake asome. Ni jambo la kusifiwa. Lakini kutoka kila tawi twasikia habari moja: baada ya nusu saa mwalimu angali akisoma makaratasi yake, na mwanafunzi amekwisha lala. Jina lake laonekana kwenye orodha kuwa yupo. Karo imelipwa, maarifa hayakuingia.

Wako wasemao kwamba mfanyakazi ni mvivu wa kusoma. Twakataa kabisa. Mtu aliyesimama mbele ya mashine saa nane aweza kujifunza, ila hawezi kusikiliza hotuba ya saa mbili pasipo kuulizwa hata neno moja.

Mwaka 1967 chuo cha Nairobi, kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha masomo ya posta kutoka Kikuyu, pamoja na vipindi katika Sauti ya Kenya. Mwanafunzi alisoma kitabu, akasikiliza redio, akaandika majibu na kuyapeleka posta. Mwalimu akayasahihisha na kuyarudisha. Barua ilikawia, lakini mwanafunzi alijua yuko mtu anayeisoma kazi yake. Leo jibu laweza kufika kwa dakika moja, nasi twakaa majuma bila kusahihishiwa!

Njia hii haitaondoka. Wengine walidhani ni ya muda tu, vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona. Lakini Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, nacho chafundisha kwa intaneti. Basi itengenezwe.

Twaomba vyuo vikate somo vipande vya dakika 15, kila kipande na swali la kujibiwa. Sauti peke yake itumwe pia, maana video hula bando. Na mifano itoke kazini: kiwanda cha nguo cha Rivatex, hapa mjini, kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kwa hiyo hesabu za nyuzi na vitambaa haziko mbali na walimu.

Nasi tuna wajibu. Wanaosoma kozi moja wakutane ofisini mwa chama Jumamosi mchana, mmoja aeleze, wengine wabishe. (Ubishi tunao wa kutosha, kama mikutano yetu ishuhudiavyo.) Leteni majina kwa makarani wa matawi kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na kozi na saa za zamu.