Mkulima Naye Aende Livu

Bwana Shamba huenda livu. Mwalimu huenda livu. Karani wa Meru mjini na askari polisi wa Embu nao wana siku zao. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mtu aliyeandikwa kazi siku 21 za kazi za likizo kila mwaka, na mshahara wake juu, tena siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Lakini mkulima wa settlement, awe wa Timau au wa Makima, ni tajiri na kibarua kwa wakati mmoja, na tajiri huyu ni mkali kupita wote. Hatoi ruhusa hata ya siku moja.

Desturi hii ina asili yake. Watu waliogawiwa mashamba tangu mwaka 1962, katika mpango ule wa Eka Milioni Moja, walipewa ardhi kwa mkopo, wakatakiwa kukaa humo na kulima wenyewe. Aliyeondoka-ondoka alidhaniwa amelitupa shamba. Sharti lile lilikuwa na maana wakati ule. Siku hizi wajukuu wao wameshika woga peke yake, na mtu akionekana ameketi chini ya mti saa nne ya asubuhi huitwa mvivu.

Tazama ng'ombe wa maziwa. Mfugaji aliyefundishwa vizuri huacha kumkamua miezi miwili kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike na ndama akue tumboni. Anajua kwamba asipofanya hivyo, maziwa ya mzao unaofuata yatapungua. Na mfugaji huyo huyo ana miaka kumi hajalala nje ya boma lake, ila kwa matanga tu! Mtu aliyechoka namna hii hukosea. Husahau kuosha kiwele, hupima dawa ya kahawa kwa kukisia, hugombana na watoto kwa jambo dogo, na dalali akija hukubali bei yo yote kwa kuwa hana nguvu ya kubishana.

Wengine watasema, "Nitaenda lini?" Kahawa kubwa ya upande wetu huvunwa Oktoba hata Desemba, na ile ndogo huanza Aprili na kwisha Julai. Mwezi wa Agosti baridi na ukungu hushuka kutoka Mlima Kenya, na majani ya chai huota polepole. Hapo siku nne au tano hupatikana. Mkulima wa mpunga wa Mwea atazipata zake Januari, akiisha kuvuna. Mwenye ng'ombe mmoja na aondoke katika ile miezi miwili asiyokamuliwa.

Mwenye ng'ombe wengi itambidi kutafuta mtu. Huko Finland mfugaji hupata siku 26 za mapumziko kwa mwaka, na serikali hulipa mtu wa kumkamulia. Hapa kwetu hakuna mpango kama huo, lakini jirani yupo. Patana naye mapema: yeye akukamulie Agosti, nawe umkamulie atakapoondoka. Aje siku tatu kabla, ng'ombe wamzoee mkono, aonyeshwe chakula kilipo na ni ng'ombe gani mwenye mateke. Maziwa ya jioni yawe yake.

Sasa nasema neno ambalo wanaume wengi hawatalipenda. Mume hushuka mjini siku mbili, hukaa hotelini na wenzake, akirudi anasema amepumzika. Huku nyuma mama amechota maji, amebeba kuni, amekamua, amechuma chai, na watoto wamekula. Livu ya namna hiyo ni kuhamisha mzigo tu kutoka bega moja hata jingine. Kwa maoni yangu mama ndiye aende kwanza, na mume abaki na sufuria.

Aende wapi? Kwa wazazi wake ni pazuri, ingawa mara nyingi akifika huko hupewa kisu avimenye viazi. Afadhali mafungo ya kanisa, ambako watu hukaa siku chache kwa sala na ukimya na chakula hupikwa na wengine. Tena kuna masomo ya wakulima, kama yale ya kituo cha Kaguru, karibu na Nkubu. Mtu akienda huko hujifunza, na hiyo ni nusu ya kupumzika, lakini nusu ni bora kuliko kukosa.

Na huyo aliyebaki nyumbani asipige simu mara tano kwa siku kuuliza chumvi imewekwa wapi. Apige mara moja tu, jioni, akiisha kukamua.