Watoto Waliochanjwa na Watoto Waliopo

Takwimu za afya, yaani elimu ya kukusanya hesabu za magonjwa, uzazi na vifo na kupima uhakika wake, hufundishwa nchini Tanzania katika ngazi ya uzamili na vyuo vichache, kikiwamo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ilhali hesabu zenyewe huanzia mbali na Dar es Salaam, katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, vinavyojazwa na wahudumu wa vituo kama vya Laela, mkoani Rukwa.

Rukwa ni mfano mzito wa jinsi hesabu hizo zinavyoweza kupotosha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani humo na ile ya 2022 ikahesabu 1,540,519, ongezeko linalozidi nusu. Kiwango cha chanjo ni sehemu ambayo kiasi chake ni watoto waliochanjwa na asili yake ni watoto wote wanaostahili, na kwa kuwa asili hiyo hukadiriwa kutokana na sensa, makadirio yakipungua kiwango huweza kuvuka asilimia 100, taarifa ikawapendeza wakubwa huku baadhi ya watoto wa vitongojini wakibaki bila chanjo. Kompyuta hujumlisha tu. Kuhoji asili imetoka wapi ni kazi ya mtaalamu.

Halmashauri za Rukwa hazina budi kuwapeleka uzamili watumishi wao wenyewe, na wakirudi wapangiwe kazi hiyo, si kukaimu ofisi ya ugavi.