Nimezoea, ila sitaki kuwa sugu

Jamani huko nyumbani, kila tukiongea kwenye simu mnaniuliza, "Umeshazoea baridi?" Nimeulizwa nikiwa Louisville, nikaulizwa Columbus, na sasa Buffalo swali ni lile lile.

Hawa wenye Kiingereza chao wana maneno kibao kwa jambo hili. Mwili ukiizoea hali ya hewa ni "acclimate". Ukishapigwa na shida mpaka husikii tena, wewe ni "inured". Halafu kuna "callous", mtu asiye na huruma. Neno hili linatoka kwenye Kilatini, maana yake ngozi iliyokuwa ngumu. Nilicheka, kwani si ndiyo sugu yetu ile ya kiganja cha mshika jembe?

Baridi nimeizoea. Tufani ya theluji ya Krismasi 2022 iliua zaidi ya watu 40 huku kwetu, na tangu hapo blanketi halikosekani garini.

Risasi ndiyo habari nyingine. Mei 2022 watu weusi 10 waliuawa supamaketi hapa Buffalo. Sikulala. Aprili 2023 wakauawa watano benki, Louisville, mji niliowahi kuishi. Tulikuwa tunakula mchana kazini, mwenzangu akatazama runinga, akasema, "Utazoea tu," akaendelea kutafuna.

Na mimi nikamaliza sahani yangu.

Kwa hiyo mama mdogo, Jumapili ukipiga, habari ya baridi iache. Niulize kama bado nashtuka.

Haya, picha za theluji wiki ijayo.