Mtoto wa mgongoni bado hajaingia katika kompyuta

Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi 8, baada ya kusikia kwa dakika 2 tu silabi zisizo na pumziko, walitambua zipi huenda pamoja. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakitunga programu zinazohesabu silabi kama mtoto. Mwaka 2024 Wai Keen Vong na wenzake wa New York waliifunza kompyuta kwa saa 61 za video, kutoka kamera aliyovalishwa kichwani mtoto mmoja wa Australia. Ikajifunza kuunganisha baadhi ya maneno na vitu vyake.

Kazi nzuri. Ila nikisikia katika oditorio kwamba sasa tunajua "mtoto" anavyojifunza, ninauliza: mtoto gani? Mashine hiyo hufaulu pale mzazi anapotaja kitu kilicho mbele ya macho ya mtoto. Hapa Bukavu mtoto yuko mgongoni, amefungwa kikwembe, anaona bega la mama wakati mama anabishania bei ya sambaza. Akishushwa, anayemsemesha ni yaya wake wa miaka 7, kwa Kiswahili, na nyanya yake kwa mashi.

Halafu kuna lugha yenyewe. Mtoto husikia "anakula", "umekula", "tukule". Programu inayohesabu silabi huenda ikakata "ana" na kuiona kuwa neno. Wanaopima kwa Kiingereza watasema imekosea. Mimi ningesita. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi, aliona kwamba mara nyingi huacha viambishi vya nafsi mwanzoni mwa kitenzi. Basi jibu sahihi ni lipi, neno zima au vipande vyake? Hilo haliwezi kuamuliwa na kompyuta. Linahitaji sauti za watoto wetu na za wanaowalea.

Na sauti hizo hatuna. Nilipopendekeza kuzirekodi kwa kazi yangu ya kumaliza masomo, niliambiwa Kiswahili cha nyumbani kimeharibika, nichukue riwaya. Lakini hakuna mtoto anayenyonyeshwa huku akisomewa riwaya! Ninawaomba walimu wetu wazikubali kazi za namna hiyo, zikiwa na idhini ya wazazi. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuanzia. Kwetu yupo mmoja wa miezi 9, na mama yake amekwisha kukubali.